Tupeane uzoefu: siku uliyomwona bingwa wako kazeeka (wangu mie ni Mike Tyson)

Mwana wa Miembeni
Assalaam alaykum wapenda ngumi. Jana barazani kijana mmoja alionyeshwa kwenye simu lile pambano la Tyson na Michael Spinks la 1988, sekunde 91 kazi imekwisha. Badala ya kushangaa akauliza, "Huyu si yule babu aliyepigwa na Jake Paul?" Mpaka sasa sijatulia. Ndo maana nnaanzisha mada hii.

Asubuhi ile ya Jumamosi, Novemba 2024, Tyson alipopigana na huyo Jake Paul, kijana wa video za YouTube aliyegeuka bondia, nilikuwa banda la mpira la mtaani kwetu. Watu wamejaa mpaka nje, picha inakwama, kiduara kinazunguka, kila mtu anampigia kelele mwenye banda. Raundi ya kwanza Tyson akarusha ngumi zake mbili tatu za haraka, banda zima tukasimama. Ilipofika ya tatu miguu haipo tena. Anauma glovu, anamngoja mwenzake amfuate. Na kila kitu kilikuwa kimepunguzwa: raundi nane tu, za dakika mbili mbili, glovu za aunsi 14. Bado hakuweza. Wahesabuji walisema ngumi zilizompata Jake Paul ni 18 pambano zima, zilizompata Tyson 78. Mmoja ana miaka 58, mwengine 27. Lilipokwisha, watu waliondoka hata hawaagani.

Sasa nataka kila mmoja aeleze: bingwa wako ulimwona lini kachoka, na je, ulimshusha moyoni mwako? Mie sikumshusha hata kidogo.

Bahari ya Wete
Nilikuwapo na mie yakhe, Wete. Umeme ulikatika raundi ya tano, nikamshukuru Mungu.

Chake Moja
Tusidanganyane jamani. Tyson hakuzeekea kwa Jake Paul. Buster Douglas alimlaza Tokyo Februari 1990, Tyson ana miaka 23. Ule nao ulikuwa uzee? Holyfield akammaliza 1996 raundi ya 11. 1997 wakarudiana, akang'ata sikio, akaondolewa. Lennox Lewis 2002, raundi ya nane, chali. 2005 kwa Kevin McBride kakaa kwenye kiti, hakuinuka kwenda raundi ya saba. Mnamlilia mtu ambaye kila alipokutana na mwenye moyo alipotea.

Mwana wa Miembeni
Chake Moja, soma na upande wa pili. Alichukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC 1986 kwa Trevor Berbick akiwa na miaka 20. Uzani wa juu hajatokea mdogo kuliko huyo mpaka leo. Cus D'Amato aliyemlea alifariki 1985, mkanda hakuuona. Kocha wake Kevin Rooney akafukuzwa 1988. Tokyo jicho limevimba, kona yake, yaani wasaidizi wake, haina hata kile chuma baridi cha kukandia uvimbe, wakajaza maji baridi kwenye glovu ya mpira! Bingwa wa dunia huyo, kona kama hiyo. Hapo lawama si ya mikono yake.

Kocha wa Ng'ambo
Nyote mnazungumza matokeo, hakuna anayezungumza ngumi. Niruhusuni.

Watu wanadhani Tyson ni nguvu. Wenye nguvu walikuwa wengi. Urefu wake ni kama sentimita 178, karibu kila aliyepigana naye alimpita kimo na mkono. Alifikaje kwenye mbavu zao? Mikono kwenye mashavu, kichwa hakitulii, anayumba kutoka kiunoni, anapita chini ya jebu (ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele), tayari yumo ndani. Kisha mkono wa kulia kwenye mbavu, na mkono huo huo unapanda kidevuni kabla mtu hajashusha kiwiko. Tazameni video zake za 1987 au 1988 pole pole, mtaona kazi yote inaanza kwenye magoti. Na magoti ndiyo ya kwanza kuondoka. Mtindo wake haukuumbiwa uzee.

Mtazameni George Foreman. Mrefu, mzito, jebu kama gogo, hahitaji kumkimbilia mtu. Novemba 1994, ana miaka 45, anashindwa kwa pointi, akamngoja Michael Moorer mpaka raundi ya kumi, kulia moja fupi, kwisha. Na bukta aliyovaa ni ile ile ya Kinshasa 1974, alipopigwa na Muhammad Ali. Foreman alibakiwa na ngumi na subira, na mtindo wake haukuhitaji zaidi ya hayo. Tyson bila ya miguu hana njia ya kuingia.

Chake Moja
Hapo Kocha umesema. Lakini bingwa wa kweli hubadilisha mtindo. Bernard Hopkins alimpiga Jean Pascal 2011 ana miaka 46. Pacquiao ana miaka hiyo hiyo 46 alitoka sare na Mario Barrios Julai 2025, na Barrios ndiye aliyekuwa na mkanda, miaka 30. Huyo Pacquiao alisimama raundi 12 za dakika tatu tatu. Tyson wako dakika 16 kwa jumla zimemshinda.

Mwana wa Miembeni
Pacquiao hajapata kuwa na kilo za Tyson. Na Tyson mwaka ule ule alitapika damu, pambano likaahirishwa kutoka Julai. Husemi hilo.

Bahari ya Wete
Na Hopkins naye alirushwa nje ya ulingo na Joe Smith akiwa na 51. Mbona umemkata hapo?

Mzee wa Kikwajuni
Wanangu, nyinyi mna Tyson wenu. Sisi wetu ni Muhammad Ali.

Kinshasa yeye na Foreman walipigana saa kumi usiku kwa saa zao, hapa kwetu saa kumi na mbili alfajiri, Oktoba 30, 1974. Marehemu babaangu alitoka msikitini akakaa na redio mapajani, nani amguse. Ilipotangazwa Foreman kaanguka raundi ya nane, alilia mbele yetu. Sikuwahi kumwona akilia kabla.

Na 1980 huo mwaka sitausahau kwa mambo mawili. Februari Ali alikuja Dar, katumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Babaangu alikasirika, si na Nyerere, na waliomtuma. Akasema mtu huyu wanamtumia mpaka aishe. Oktoba wakamrudisha ulingoni na Larry Holmes, aliyekuwa mshirika wake wa mazoezi. Ali ana 38. Raundi kumi anapigwa, Holmes mwenyewe anamwangalia refa. Kocha wa Ali, Angelo Dundee, ndiye aliyesimamisha. Mwaka wa pili yake wakampeleka tena kwa Berbick. 1984 tukaambiwa ana Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka.

Mie sigombani na Ali. Nagombana na waliokuwa wakimshangilia aendelee, na hao ni sisi.

Mtoto wa Bondia
Kaka zangu, na wewe mzee wangu shikamoo. Huwa nasoma tu, leo maneno ya Mzee wa Kikwajuni yamenigusa pabaya.

Babaangu alikuwa bondia. Mnajua wenyewe ngumi Zanzibar zilivyopigwa marufuku baada ya Mapinduzi, zikaja kuruhusiwa 2023. Kwa hivyo yeye maisha yake yote ya ulingo yalikuwa Dar. Bibi akiambiwa kijana wako kafuata nguo za kuuza. Akirudi na jicho jeusi, kaanguka botini. Huku hakuna aliyemjua, kule alikuwa na jina, watu wakimfuata mpaka bandarini.

Aliacha. Akafungua duka la vifaa vya baiskeli, sote tukapumua. Kisha mwenye kuandaa mapambano akaanza kumpigia simu: mzee, watu wanakutaka, mara moja tu, unamfungulia kijana njia. Ana zaidi ya miaka 40. Mama anaumwa, fedha inatakiwa. Mama akaniambia nenda naye, usimwache. Nilikuwa skuli ya sekondari.

Ukumbi umejaa moshi wa sigara. Raundi mbili za mwanzo alikuwa baba ninayemjua, mkono wa kushoto unatoka, kijana hasogei. Ya tatu akaanza kushika kamba. Ya nne alipigwa ngumi ya sikio, akamaliza raundi amesimama, kisha akaenda kukaa kwenye kona ya mwenzake. Watu wakacheka. Ukumbi mzima ulicheka, kaka zangu. Waliokuwa wakimfuata bandarini ndio wanaocheka. Kona yake wakamchukua, wakampa maji, wakamrudisha. Nikamwambia mwenye taulo, tupa. Akasema bado raundi mbili, tukisimamisha hatulipwi zote. Nilivua kanga niliyojitanda nikaitupa ulingoni. Refa hakujua afanye nini, kanga haimo kwenye sheria. Akasimamisha kuiokota, akamtazama baba machoni, akamaliza pambano.

Kwenye boti ya kurudi hakusema nami. Wala mwezi ule wote.

Sasa yupo, alhamdulillahi, lakini akitoka Darajani huuliza gari ya nyumba tuliyohama zamani. Mkono wa kulia unatetemeka. Kuhusu Tyson, aliangalia pambano lile na mie. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alisema, "Kasikia kengele akainuka. Nani ana miaka 58 akainuka?"

Bahari ya Wete
Subhanallah. Dada, nimeisoma mara mbili.

Mwana wa Miembeni
Dada yangu, kanga ile ndiyo iliyombakisha. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu, usiseme ni uzee tu.

Binamu Mkoani
Habat soda na asali, asubuhi kabla hajala chochote. Na glovu zifiche, akiziona anakumbuka.

Kocha wa Ng'ambo
Usizifiche! Mlete kwetu awafundishe watoto jebu, akae kwenye kiti tu aseme. Kuzungumza na watu kunamsaidia. Ila asipigwe hata kwa mchezo, wala asipige begi. Na daktari ni lazima, hilo Mwana wa Miembeni kasema sawa. Andika karatasi ya jina na namba yako, mtilie mfukoni kila akitoka.

Binamu Mkoani
Kocha, ukimkalisha karibu na ulingo ataingia. Wazee hawa nawajua.

Mtoto wa Bondia
Ahsanteni. Kocha nitakutafuta. Karatasi tayari anayo, huitoa akawapa watoto waichezee. Nitaishonea ndani ya koti.

Chake Moja
Dada, msalimie sana baba. Maneno yake kuhusu kengele nimeyakubali, na kwa heshima yake simwiti tena Tyson babu. Lakini ubora ni ubora. Uzani wa juu Tyson hayumo kwenye kumi wangu.

Mwana wa Miembeni
Wataje hao kumi. Hapa hapa, mmoja mmoja, na useme kila mmoja alimpiga nani.