Kikundi cha Familia: Simba na mlango wa Hiace

IJUMAA

Baba Mdogo, 18:10
Mbukwenyi wote. Nimerudi salama kutoka Hombolo. Zabibu zinaendelea vizuri, wiki mbili hivi tutaanza kukata. Ila mbwa wetu Simba amenikosesha raha. Asubuhi kagoma kuingia kwenye Hiace. Kaweka miguu ya mbele mlangoni, ya nyuma ikaanza kutetemeka, akarudi chini akalala kwenye vumbi. Nikamvuta kwa mkanda wa shingo, akalia. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akilia vile.

Mama Elia, 18:12
Na kushuka hapa nyumbani ndiyo balaa zaidi. Karuka, miguu ikamkunjikia, kidevu kikagonga chini.

Shangazi, 18:15
Jamani Simba wetu. Pole kaka. Si umwache tu nyumbani alinde? Kwani ana miaka mingapi sasa?

Elia, 18:16
Alikuja 2013 Shangazi, mimi niko darasa la pili. Ana 12.

Baba Mdogo, 18:20
Kumwacha siwezi dada. Kule shambani nalala ndani ya gari peke yangu. Tulishatoa viti, kuna kitanda, jiko la gesi na madumu ya maji, na yeye mahali pake ni chini ya kitanda. Mtu akikanyaga mpakani mwa shamba, yeye anajua kabla yangu. Nikimwacha nyumbani hali chakula.

Mama Elia, 18:21
Kweli. Mara ya mwisho ugali wake na dagaa ulilala pale pale mpaka asubuhi.

Neema, 18:40
Shikamooni. Ndiyo nimetoka kwenye chanjo ya ng'ombe huku Mpwapwa. Nimesoma yote. Baba Mdogo, Simba hajagoma, anaumwa. Mbwa akizeeka viungo vya nyonga na magoti vinakakamaa. Kuruka juu anasukuma kwa miguu ya nyuma, na ndiyo inayouma. Kuruka chini uzito wote unatua kwenye mabega na viwiko. Naomba asivutwe shingo tena.

Baba Mdogo, 18:43
Marahaba mwanangu. Sikujua. Nimeumia moyo.

Neema, 18:44
Asubuhi anaamkaje?

Baba Mdogo, 18:47
Anainua mbele kwanza, anakaa kidogo, ndipo anajivuta nyuma. Akishazunguka uani dakika kumi analegea, anatembea vizuri.

Neema, 18:48
Basi hayo hayo. Jumatatu apelekwe kwa daktari wa mifugo amshike viungo vyote. Ila mkiona ghafla anaburuta miguu ya nyuma au anashindwa kukojoa, msingoje Jumatatu. Hilo linakuwa tatizo la uti wa mgongo, apelekwe siku hiyo hiyo.

Shangazi, 18:50
Kwa leo si apewe nusu ya brufeni? Mimi magoti yakinisumbua ndiyo inanisaidia.

Neema, 18:50
HAPANA Shangazi, tafadhali sana. Brufeni na diklofenaki zinamchimba mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Panadoli nayo ni hatari kwa ini lake na damu yake. Zipo dawa za maumivu za mbwa, daktari anampima kilo kwanza.

Shangazi, 18:52
Ahsante mama. Nilikuwa namtuma mtoto duka la dawa sasa hivi.

Baba Mdogo, 18:55
Na kuingia garini? Kumbeba siwezi, mgongo wangu mnaujua.

Neema, 19:01
Mwenye nguvu akimbeba, mkono mmoja upite kifuani nyuma ya miguu ya mbele, wa pili chini ya mapaja, mgongo wake ulale sawa. Asinyanyuliwe makwapani kama mtoto, kiwiliwili chote kinaning'inia. Akiwa mtu mmoja, chukueni kanga kuukuu, ikunjeni kwa urefu, ipite chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, mshike ncha zote mbili juu ya mgongo kama mshikio wa kikapu. Yeye anatembea, nyie mnampunguzia uzito wa nyuma tu. Kwa dume msibane pale anapokojolea.

Mama Elia, 19:20
Tumejaribu kwenye ngazi za barazani. Kapanda! Kaniangalia kama anauliza ni nani anamsukuma.

Elia, 19:26
Dada Neema, nikimtengenezea ubao wa kupandia? Nimepima mlango wa nyuma wa Hiace, kutoka chini hadi sakafu ni sentimita 62.

Neema, 19:30
Wazo zuri sana mdogo wangu. Usiufanye mfupi. Mita moja itakuwa ukuta kwake. Fanya karibu mita mbili, upana sentimita 45 au 50, na vizuizi vidogo pembeni mguu usitoke nje. Bati hapana, jua la saa saba litamchoma nyayo. Plaiwudi tupu inateleza.

Shangazi, 19:33
Nina kipande cha zulia la ukumbini, njoo Kisasa ukichukue.

Baba Mdogo, 19:35
Ubao uwe mwepesi Elia, nitaubeba peke yangu. Weka bawaba katikati ukunjike.

JUMAMOSI

Elia, 17:05
[picha]
Fundi kanisaidia, umekamilika. Ila jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Simba alifika katikati, ubao ukateleza kwenye mchanga, ncha ya juu ikaachia gari. Hajaumia, nilimdaka. Sasa hataki hata kuusogelea.

Neema, 17:12
Pole, na shukuru ulikuwa karibu. Makosa mawili, yote yanarekebishika. Ncha ya juu iwe na ndoano zinazokamata ukingo wa sakafu ya gari. Ncha ya chini pigilia ubao mwembamba ung'ate ardhi, maana mchanga wa Dodoma haushiki kitu. Halafu sahau gari kwanza. Laza ubao chini kabisa uani, apite juu yake akila dagaa, mara nyingi, dakika chache. Akizoea, inua upande mmoja kwa tofali moja. Kesho yake matofali mawili. Yeye ndiye anayepanga kasi.

Mama Elia, 17:15
Dagaa nina wa kutosha.

JUMATATU

Baba Mdogo, 11:48
Tumetoka kwa daktari. Ni nyonga kama alivyosema Neema. Kapimwa kilo 18, anatakiwa 15, kwa hiyo ugali upungue. Kapewa dawa ya siku kumi, baada ya hapo arudi kuonwa. Na kucha! Zilikuwa ndefu mpaka zinapinda, daktari anasema ndiyo sababu nyingine ya kuteleza. Zimekatwa.

Neema, 11:50
Hapo kwenye kucha hata mimi sikuuliza. Mwambie daktari ahsante.

ALHAMISI

Elia, 06:40
[video]
Angalieni wenyewe. Kafika juu, kageuka, kakaa chini ya kitanda. Hakuna aliyemgusa!

Shangazi, 06:44
Machozi yamenitoka jamani. Hebu nione tena.

Mama Elia, 06:45
Baba Elia, umeweka bakuli lake la maji? Na mkisimama Ihumwa usimfungie ndani vioo vikiwa juu, hata kwa dakika tano. Gari juani linakuwa tanuri.

Baba Mdogo, 06:47
Maji yapo. Tunatoka wote kila tunaposimama, nimesharudisha kamba mkononi.

Baba Mdogo, 20:32
Tumefika Hombolo tangu mchana, kashuka taratibu bila shida. Lakini sasa hivi giza limeingia, anataka kutoka kukojoa, kasimama juu ya ubao hasogei. Analia chini chini.

Neema, 20:34
Macho yake yamezeeka pia Baba Mdogo, haoni ubao unaishia wapi. Weka taa chini, sio usoni kwake.

Baba Mdogo, 20:41
Nimelaza tochi chini pale ubao unapoishia, mwanga umepanda juu ya zulia. Kaangalia, kashuka hatua moja moja. Kaenda hadi kwenye mwarobaini, karudi, kapanda mwenyewe.

Mama Elia, 20:42
Dawa yake ya jioni?

Baba Mdogo, 20:43
Nimempa na ugali. Kidogo.