Uliwahi kuitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa? Tupeane uzoefu

Mama wa Pasua (Moshi)
Wakuu, naomba tuongelee kesi za kanisani, zile ambazo anayekushtaki ndiye anayekuhukumu. Naanza mimi. Mume wangu aligombana na mzee mmoja wa usharika wetu kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kule juu. Wiki mbili baadaye nikaletewa barua: fika Jumamosi saa 8 mchana. Kosa halikuandikwa. Nilipofika nikamkuta mzee yuleyule mezani, bahasha zangu za ahadi zimepangwa mbele yake, miezi niliyoruka imezungushiwa wino. Kumbe kosa ni "maneno ya kuchafua kanisa". Maneno gani? Kayasikia nani? Nikaambiwa nisibishane na wazee. Kalamu iliyoandika mashtaka, ya bluu, imefungwa selotepu, ndiyo iliyoandika hukumu: miezi sita bila Meza ya Bwana.

Fundi Sakina
Pole mama. Mimi wazee walitukalisha vikao vitano na mke wangu. Nikabeba barua yao hadi mahakamani kudai talaka, karani akanirudisha baraza la kata. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwanza baraza la usuluhishi, na la dini linahesabika tu likiwa limetambuliwa na serikali. La kwetu halikuwa limetambuliwa. Nauli na vikao vyote, bure.

Mkatoliki wa Rau
Kwetu hakuna talaka, kuna kutangaza kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Dada yangu alishinda mwaka 2012 akaambiwa asubiri, hukumu ithibitishwe na mahakama ya pili ya kanisa. Papa Fransisko aliliondoa sharti hilo, likakoma tarehe 8 Desemba 2015. Kwa hiyo msiniambie sheria za kanisa hazibadiliki.

Ticha Kijenge
Nafundisha historia. Mwaka 1532 wabunge wa Uingereza walimlalamikia Henry VIII kuhusu mahakama za maaskofu: watu wanaitwa bila mshtaki kujulikana, ada kubwa, mambo madogo madogo. Hata hivyo mashauri ya talaka na wosia yalikuja kutoka mikononi mwao kwa sheria za 1857. Hesabuni wenyewe hiyo miaka.

Mzee wa Ngaramtoni
Wanangu, mambo ya ndani hayaanikwi nje. Someni 1 Wakorintho 6.

Mama wa Pasua (Moshi)
Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma. Nimesoma na 1 Timotheo 5:19, mzee hashtakiwi bila mashahidi wawili au watatu. Sasa mshirika wa kawaida, mashahidi wake wangapi? Sikatai kuonywa. Nataka kosa liandikwe, aliyenishtaki atoke kikaoni, na nikikataa hukumu nijue pa kukata rufaa. Jumamosi hii naitwa tena "kurudishwa kundini". Nimepeleka barua kuomba yule mzee asikae mezani. Katibu kaipokea, ila nakala yangu kakataa kuigonga muhuri.