Je, mwajiri aonyeshwe faili la malalamiko ya muuguzi?

Baba wa Mwanakwerekwe
Assalaam alaykum. Nauliza kwa sababu ya Charles Cullen, muuguzi wa Marekani aliyekamatwa mwaka 2003 baada ya kuua wagonjwa kwa dawa kwa miaka 16. Hospitali kadhaa zilimshuku, zikamwacha aende zake, na iliyofuata ikamwajiri bila ya kuambiwa kitu. Mwaka 2005 jimbo la New Jersey likatunga sheria ya kuzilazimisha hospitali zipashane habari. Kwetu sisi anayelalamikiwa huhamishiwa Pemba, mambo yakaisha. Faili lifunguliwe.

Mkunga Mpemba
Waalaykum salaam. Pemba si jaa la watumishi. Mimi nazalisha wanawake huku tangu nimalize mafunzo, wala sikuletwa na adhabu. Kama yupo aliyehamishwa kwa kosa, mlaumuni aliyetia saini barua ya uhamisho, kwani kosa limevuka bahari pamoja na mwenyewe.

Mstaafu wa Malindi
Mwanangu, hasira yako naifahamu, lakini ikiwa kosa huvuka bahari na mwenyewe, kwa nini faili lisivuke? Wamarekani wana daftari la taifa tangu mwaka 1990, na kila lalamiko limo humo.

Mkunga Mpemba
Sivyo, mzee wangu. Daftari hilo hupokea fidia zilizolipwa na adhabu zilizokwisha kutolewa, si kila lalamiko. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu kwenye zamu, wazazi wawili wakisukuma kwa wakati mmoja. Mume wa mmoja wao aliandika karatasi akaitia katika sanduku la maoni: "Mkunga kamwacha mke wangu." Hakuna aliyenihoji, na karatasi ile imebanwa katika faili langu hadi leo bila ya neno langu hata moja. Hiyo ndiyo mnayotaka mwajiri aisome? Hukumu ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, baada ya mtu kusikilizwa, hiyo na isomwe.

Baba wa Mwanakwerekwe
Bi Mkunga, Cullen aliajiriwa kila mahali kwa leseni halali. Tukisubiri hukumu, mtu wa aina ile atakuwa keshafika hospitali ya tatu, na atakayelala kitandani kwake ni mama yangu au wako.

Mstaafu wa Malindi
Basi kila karatasi ya sandukuni ijibiwe na anayelalamikiwa, na majibu yabanwe pamoja nayo.

Mkunga Mpemba
Na barua ya uhamisho iandikwe sababu. Hilo mbona hamlisemi?