Naomba ushauri: picha na makaratasi ya baba mkwe kutoka Guyana

Habari zenu ndugu zangu. Naishi London, mume wangu asili yake ni Guyana, kule Amerika Kusini. Marehemu baba yake alikuwa karani wa serikali Georgetown enzi za ukoloni, akatuachia sanduku la picha na makaratasi. Mengi ni ya tangu 1953, watu wazima wote walipopiga kura kwa mara ya kwanza na chama cha PPP cha Cheddi Jagan kikashinda (Oktoba ya mwaka huo huo Waingereza wakaisimamisha katiba), hadi uhuru wa Mei 26, 1966.

Kuna picha ya foleni ya wapiga kura, akina mama wamevaa kofia za kanisani, na nyuma mzee kaandika majina yao kwa penseli. Yanafifia, na hilo linaniuma sana. Negativu (zile filamu za kusafishia picha) zimeanza kunuka siki na kujikunja, pini zimeshika kutu kwenye barua.

Mawifi na mashemeji wanataka tugawane. Mimi naona tukishazitawanya basi tena. Natamani zirudi Georgetown, kwenye Nyaraka za Taifa zenye jina la Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, yule yule aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mliofanya kazi za nyaraka, nisaidieni: negativu nizitenge na picha sasa hivi? Niziskani mwenyewe au nisiziguse? Na mkataba wa kukabidhi uandikweje ili familia ibaki na nakala na haki ya kuzitumia? Wifi mkubwa hakubali kusaini mpaka apate jibu la hilo la mwisho.