Jaketi la mvua lenye bitana ya sufu linatengenezwaje? La kwangu linavuja mabegani

MvuviKibirizi:
Wakuu habari zenu. Niko Kigoma hapa Kibirizi, kazi yangu ziwani, dagaa usiku. Mwaka jana nlinunua jaketi la mtumba pale Mwanga, belo lilikua limefunguliwa asubuhi hiyo hiyo, jaketi zito, nje nailoni ndani bitana ya sufu ya kijivu, yaani saa tisa usiku upepo ukipiga hata husikii. Miezi ya mwanzo mvua ikinyesha maji yanateleza tu kama kwenye jani la gimbi. Sa hivi manyunyu kidogo tu mabega yamelowa, alafu nikichungulia kati ya nailoni na bitana kuna kitu cheupe kinabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Tuko sita kwenye boti na kila mmoja analitaka kama hili. Naomba kuelewa kiwandani wanafanyaje, na je fundi wa hapa anaweza kushona la kufanana nalo? Jirani ananiambia nivae turubai tu, ila turubai ukivuta nyavu nusu saa umelowa kwa jasho lako mwenyewe.

BintiUjiji:
Kaka pole na kazi. Mi mzaliwa wa Ujiji, nimesomea mambo ya vitambaa Dar, ngoja nikueleze taratibu maana hili jambo nalipenda sana.

Hicho cheupe kinachobanduka ndo kilichokua kinazuia maji. Nailoni ya nje kazi yake ni kuvumilia mikwaruzo. Kiwandani wanachukua nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kubana, upande wa ndani wanamwaga poliyurethani, aina ya plastiki, nzito kama uji, inasawazishwa na kisu kirefu mpaka ibaki tabaka jembamba, kitambaa kinapita kwenye oveni kinakauka. Njia nyingine ya bei kubwa ni kubandika utando uliotengenezwa peke yake. Maarufu ni Gore-Tex, mwaka 1969 Bob Gore kule Marekani aligundua kwamba plastiki ya PTFE, ile ile wanayopaka kwenye vikaango visivyogandisha, ukiivuta kwa ghafla ikiwa ya moto inatanuka na kuacha vitundu vidogo mno ambavyo tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Turubai halina hiyo nafasi ndo maana unalowa kwa ndani.

Sasa poliyurethani adui yake joto na unyevu, zile za kawaida zinaoza pole pole hata jaketi likiwa limetundikwa tu, na la mtumba huenda lilikaa kabatini huko miaka mingi kabla halijafika Mwanga. Ikishaanza kubanduka haitengenezeki, kusema ukweli.

Kule kuteleza kwa maji ni dawa nyingine ya juu kabisa. Kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa kwenye roli, kinapitishwa kwenye joto dawa ishike. Zamani zilikua na florini, sasa zinaachwa kwa sababu haziozi zikishaingia kwenye maji na udongo, Ufaransa wamezipiga marufuku kwenye nguo kuanzia 2026. Hizi mpya maji zinayafukuza vizuri ila mafuta haziyawezi, na wewe unashinda na mafuta ya dagaa! Hivi unalifuliaga nini?

MvuviKibirizi:
Dada asante sana. Nafulia sabuni ya unga, naloweka usiku kucha na maji ya moto ili harufu itoke. Alafu bitana imekua kama imesinyaa, mikono inanivuta.

BintiUjiji:
Hapo ndo tatizo la pili. Uzi wa sufu una magamba madogo madogo kama ya samaki, ukiutia maji ya moto na kusugua yale magamba yanashikana hayaachiani tena, kitambaa kinajikunja na kua kigumu. Sufu ifuliwe maji baridi, sabuni laini, kusugua kidogo sana, ikaushwe kivulini. Na sabuni ya unga isiposuuzwa vizuri inabaki kwenye nailoni inavuta maji badala ya kuyafukuza.

Usichanganye sufu na sufi jamani, sufi ni ile ya mtini tunayojazia mito. Sufu ni ya kondoo, tena sio hawa wetu wenye manyoya kama mbuzi, wale wa merino wa Australia ndo wanasifika. Inanyolewa, inaoshwa maji ya moto na sabuni kutoa mafuta yake, hayo mafuta ndo lanolini inayoingia kwenye krimu, inachanwa nyuzi zilale upande mmoja, inasokotwa, ndo inafumwa. Inaweza kunywa unyevu karibu 30% ya uzito wake na bado usihisi umelowa, na wakati inaunywa inatoa joto kidogo. Kwa mtu anayekaa ziwani mpaka alfajiri hakuna bitana naiamini kama hiyo.

FundiCherehani_Mwanga:
Dada kaongea vizuri ila mmesahau mshono, mi nashona mwaka wa kumi na saba huu na nimefumua majaketi hayo mengi tu. Kila sindano inapopita ni tundu. Kitambaa kinaweza kua kizuri kabisa ila mabega yakavuja kwa sababu ya mshono, ndo maana kiwandani wakimaliza kushona wanapitisha utepe kama wa sentimita mbili kwa ndani, mashine inapuliza hewa ya moto gundi inayeyuka inaziba matundu yote. Huku hatuna hiyo mashine.

Kingine nlichojifunza kwa kufumua, bitana haishonwi moja kwa moja kwenye kitambaa cha nje, inashikwa shingoni, kwenye zipu na mikononi tu, inaning'inia. Na haifiki mwisho wa mkono, pale mwisho wanaweka kipande cha nailoni, maana sufu ikigusa maji nje inayanyonya yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Kwa mvuvi anayechovya mikono hiyo ni lazima.

Nawashonea, ila mniletee nailoni iliyopakwa ile ya mabegi, bitana toeni kwenye makoti ya mtumba ya sufu yapo mengi, mishono nitaikunja mara mbili nipake gundi ya kuziba. Mabega nayakata kipande kimoja nisiweke mshono juu pale mvua inapopiga.

NtaYaSikonge:
Salamu kutoka Tabora. Kuna njia ya zamani zaidi, kanvasi ya pamba na nta. Mabaharia wa Uingereza walikua wanapaka mafuta kwenye vitambaa vya tanga, na mpaka leo kampuni ya Barbour, ilianza 1894 South Shields, inauza makoti ya pamba yenye nta, bitana ya joto unaifunga kwa zipu na kuitoa ukitaka. Hapa kwetu nta ya nyuki ipo, mi nimepaka koti langu la porini. Nta tupu inakua ngumu na kupasuka ukikunja, nachanganya na mafuta kidogo, nayeyushia kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, USIWEKE KOPO KWENYE MOTO WENYEWE inawaka. Unapaka, unapuliza joto izame. Juani inanata na jasho halitoki sana, ila ikichakaa unapaka tena, haibanduki kama hizo za kisasa. Na usifue kwa sabuni, futa kwa maji baridi.

BintiUjiji:
Nta kwa mvuvi nzuri, nakubali. Ila ombi moja kaka, sufu ikilowa kabisa inakua nzito mno, laifu jaketi ivaliwe JUU ya koti, kila usiku, wote sita. Na kabla hamjanunua kitambaa cha watu sita, fundi ashone kimfuko kidogo kwa mshono ule ule, mjaze maji, mtundike usiku mzima juu ya karatasi kavu.

MvuviKibirizi:
Laifu jaketi zipo nne, mbili tunazitafuta wiki hii. Nimetoka kwa fundi jioni, kashona vimfuko viwili, kimoja kapaka gundi kingine hajapaka. Nimevitundika hapa barazani tangu saa mbili. Sa hivi saa tano, kisicho na gundi kinadondosha tone moja moja pale kwenye kona, cha gundi karatasi yake bado kavu. Mzee wa Sikonge nta kilo moja shilingi ngapi mpaka ifike Kigoma kwa treni?