Tupeane uzoefu: ndugu mwenye ulemavu kuishi kwake, mlianzaje?

Mleta mada
Wadau, mdogo wetu ana miaka 34, ana mtindio wa ubongo. Mama anakaribia 70, magoti yamegoma, hawezi tena kumnyanyua. Kila kikao cha familia ni "atakuja kwangu", "hapana, kwangu". Mimi nawaza apate chumba chake na msaidizi. Waliowahi, mlifanyaje?

Bi Mkubwa, Morogoro
Sisi tulianza na chumba cha uani. Kaka ana ulemavu wa akili, ila mikono mizima. Tukamwekea jiko, kitanda na LUKU yake, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Nikajua nimemaliza, kumbe ndo kwanza. Wiki ya tatu umeme ukakata, akakaa gizani mpaka asubuhi, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu! Sasa tumembandikia ukutani picha ya mita. Akiona uniti zimebaki 5, anakwenda dukani na elfu mbili yake, anarudi na karatasi, zile tarakimu 20 anazibonyeza mwenyewe kidole kimoja kimoja. Akikosea anaanza upya, usimsaidie, atakununia. Mara mbili hela kanywea soda. Akalala giza. Mbona hata mimi nimelala giza?

Wa Kisumu
Dadangu hupata zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali ya Kenya, kwa mwezi. Mshahara wa msaidizi hautoki hapo. Tuko ndugu sita, kila mtu anatuma sehemu yake kabla ya tarehe 5, na aliyekwama anakuja kulala naye wikendi badala ya pesa. Msaidizi wa kwanza tulimwachisha: alikuwa akimlisha saa kumi na kumlaza saa kumi na moja jioni ili awahi matatu. Mtu mzima wa miaka 41, jua bado liko juu! Jirani ndiye alitwambia. Kwa hivyo zoeaneni na jirani kwanza.

Niko Leicester
Hii ndiyo kazi yangu huku Uingereza. Kwa kawaida mwenye ulemavu ana mkataba wake wa upangaji, na wasaidizi ni mkataba mwingine. Wasaidizi wakibadilishwa, yeye hahami. Kwetu nyumba ya kaka, msaidizi wa kaka, hela ya kaka. Kaka akinuna, kila kitu kimeondoka. Andikishaneni, hata kwa mjumbe. Halafu mleta mada, samahani, sijaona mahali umeandika mdogo wako anataka nini. Ibara ya 19 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Tanzania imeuridhia tangu 2009, inasema achague akae wapi na nani.

Mleta mada
Umenishika. Nimemuuliza jana usiku, maneno yanamtoka polepole, tumekaa karibu saa nzima. Anataka dirisha la kutazama barabarani. Msaidizi awe mwanaume. Na kwa shangazi haendi, shangazi anazima redio saa mbili.