Asiye na dini aweza kusherehekea Krismasi? (Kigoma-Ujiji)

Mpangaji wa Mwanga

Mwakeye wote, na wakubwa wangu shikamooni. Kuna mtu hafuati dini yoyote. Ukoo wake ni Wakatoliki, majirani wengi ni Waislamu wa Ujiji, naye anataka kualika watu kama 20 nyumbani tarehe 25. Hataki kuigiza imani asiyokuwa nayo, wala hataki kumkwaza mtu. Je, ana haki ya kuiita Krismasi? Akikaribishwa kwenye misa, aishie wapi? Naomba mnieleze mambo ya kufanya hasa.

Katekista Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kanisani aje, hakuna anayeulizwa cheti mlangoni. Watu wakisimama asimame, wakikaa akae. Wakipiga magoti, kuketi kimya kunatosha. Wakati wa komunyo abaki kwenye benchi, na akae upande wa ndani ili asizibe njia. Kosa linalojirudia ni hili: mtu alibatizwa utotoni, imani ameiacha, lakini anaona haya kubaki peke yake, basi anaingia kwenye mstari. Asifanye hivyo. Padri anaposema “Mwili wa Kristo”, ile “Amina” ni kukiri imani kwa mdomo wako mwenyewe. Bora uonekane umebaki kuliko kusema usichokiamini.

La pili watu hulisahau. Sikukuu hii ndugu hukutana, na mara nyingi ndipo mtoto hubatizwa. Akiombwa kuwa msimamizi wa ubatizo, akatae mapema, kabla jina halijafika parokiani. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na kupokea Ekaristi, aliyetimiza miaka 16, na anayeishi kulingana na imani. Anaweza kumnunulia mtoto nguo ya ubatizo au kuchangia mchele. Hilo halihitaji kanuni.

Kuhusu jina, mimi naamini siku hii ni ya Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu, na ukimtoa yeye, kilichobaki ni mlo mzuri. Lakini mlo mzuri na majirani si dhambi. Aje.

Msomaji wa Kasulu

Mzee, nakuheshimu, ila niongeze kidogo. Biblia haitaji tarehe. Kumbukumbu ya zamani tuliyo nayo ya 25 Desemba inatoka Roma, mwaka 336. Wapo Wakristo walioikataa sherehe yenyewe: Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1647, na hadi leo Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei. Kwa upande wa pili, Japani Wakristo ni wachache sana, lakini watu hula keki na kuku wa kukaanga siku hiyo. Kwa hiyo ibada na sherehe zimewahi kwenda pamoja na zimewahi kuachana.

Hapa kwetu tarehe 25 na 26 ni mapumziko ya kitaifa kwa kila mtu, na Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Aiite Krismasi. Akitaka mapambo, si lazima mti wa plastiki, kwani mkrismasi, ule unaochanua mwekundu Desemba, unamtosha. Akate matawi asubuhi hiyohiyo, maana maua yake hunyauka upesi.

Bi Mpishi, Ujiji

Mwanangu, haki ya jina wamekujibu. Mimi nakwambia kitakachoharibu siku: nyama.

Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walipofika Ujiji mwaka 1879 waliukuta Uislamu umeshaingia, na mpaka leo meza ya Ujiji ina pande mbili. Mnyama achinjwe na Mwislamu, hata kama mwenye nyumba hana dini. Akichinja mwingine, majirani watakushukuru, watakaa, na sahani zitarudi na wali ulioguswa pembeni tu. Kwa hiyo muombe mchinjaji siku mbili kabla, na umtajie saa. Mbuzi wa kilo 20 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 9 hivi, na hiyo ni nyingi kwa watu 20. Kilo 3 zenye mifupa zinatosha pilau, kwa hiyo kuku watano au nyama ya bucha linalochinjiwa na Waislamu ni nafuu. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, asilete kabisa siku hiyo, hata kwa sufuria lake. Mwiko mmoja ukichanganywa, imani ya majirani kwa jiko lako imekwisha. Bia ziwe chumba kingine, na glasi zake zisirudi kwenye beseni la vyombo vya chakula.

Pilau ya watu 20: mchele kilo 3, vitunguu maji kilo 1, mafuta nusu lita, saumu vichwa vitatu, tangawizi ukubwa wa kiganja, bizari nzima vijiko vinne vya chakula, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Chemsha nyama kwanza, utunze supu. Kitunguu kikaange mpaka kiwe kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Kikifika cheusi, kitupe uanze upya, kwa sababu uchungu wake haufunikwi na kiungo chochote. Kwa kila kikombe cha mchele tia kikombe kimoja na nusu cha supu, yaani karibu lita 5 na nusu kwa zote. Mchele wa Desemba ni wa mavuno ya katikati ya mwaka, umekauka, kwa hiyo weka nusu lita ya supu ya moto pembeni. Supu ikikauka, punguza moto chini, funika, palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika 20. Usipike kilo 3 kwenye sufuria moja juu ya jiko dogo: chini itaungua na juu itabaki kiini. Gawa sufuria mbili.

Ukitaka na dagaa, angalia mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawaendi ziwani, kwa hiyo dagaa hupungua na bei hupanda. Nunua wakavu wiki moja kabla.

Mpangaji wa Mwanga

Ahsante sana, mama. Na saa ya kula? Sala ya chakula aombe nani?

Bi Mpishi, Ujiji

Hapa Kigoma adhuhuri huingia karibu saa 7 mchana, na misa ya asubuhi huwa imeshatoka. Pakua saa 8 na nusu, hasa tarehe 25 ikiangukia Ijumaa. Sala asiombe mwenyeji asiyeamini. Amwambie mkubwa wa ukoo, “Baba, tuombee,” kisha anyamaze na kuinamisha kichwa. Waislamu watasema bismillahi yao. Na sahani za majirani wasiokuja azipeleke zikiwa moto, kabla wageni hawajaanza kula.